Timu Ilipohamia Kajiado

Mama yangu alikuja kuishi nami Kitengela akiwa amenuna, na akaendelea kununa karibu mwaka mzima. Baba alikuwa amefariki kule Kinangop, na ndugu zangu wakakaa kikao wakaamua kwamba mama hawezi kubaki peke yake katika nyumba ile iliyozungukwa na viazi na ukungu. Mimi ndiye niliyekuwa na nyumba ya mawe na vyumba viwili vya kupangisha kwa nyuma, tena sikuwa na mume wala mtoto wa kumsumbua. Kwa hiyo nikapewa mimi. Mama mwenyewe hakuulizwa. Siku aliyoshuka kwenye gari na masanduku yake alisimama langoni, akanusa hewa, akasema, "Hapa kunanuka simiti."

Ni kweli kulinuka simiti, na mimi nilinuka kuliko mtaa wote, maana nilifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu hadi Jumamosi niliwauzia watu mabati, misumari na rangi. Mama alibaki nyumbani akisikiliza mashine za kuchimba mawe upande wa machimbo na malori yakipita na mizigo. Majirani walikuwa nyuma ya mageti yao. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe wa kugombeza, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Cha karibu alikiona, cha mbali kikawa kivuli tu. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta amekaa pale pale nilipomwacha, na nikimuuliza siku ilikuwaje ananijibu, "Ilipita."

Aliyemtoa kwenye kile kiti ni mpangaji.

Kijana alikuja kupanga chumba kimoja cha nyuma, mrefu, mpole, ametoka upande wa Busia. Alikuwa na godoro, jiko la gesi na begi moja. Mama hakumjali mpaka alipoanza kuona nguo anazoanika kwenye kamba. Suruali zilikuwa zimeraruka magotini. Soksi zilikuwa na damu. Na kila jioni kijana alikuwa akikaa kwenye ngazi ya chumba chake akisugua glavu kubwa kwa sabuni na mswaki, taratibu, kama mtu anayeosha mtoto.

Siku moja uzalendo ukamshinda mama. Mimi nilikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote.

"Wewe kijana wa wenyewe," mama alimwita. "Unafanya kazi gani hiyo ya kurarua suruali kila siku?"

"Mimi ni kipa, shosh," alijibu, akimwita nyanya kwa lugha ya mtaani.

"Kipa ni nini?"

"Ni ule mtu anazuia mpira isiingie kwa goli."

"Na ikiingia?"

"Wananitusi."

"Nani anakutusi?"

Kijana alicheka. "Watu wote, shosh. Fans wetu wenyewe. Wanakaa nyuma ya goli, wananitusi na mamangu."

Mama akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike baba, "Jumapili nitakuja nione hao watu."

Nilidhani ni maneno. Lakini Jumapili, tulipotoka kanisani, hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Alichukua kigoda chake cha jikoni akanipa mimi nibebe. Mimi mpira sikuupenda. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala mchana. Nilibeba kigoda huku nikinung'unika, na hivyo ndivyo tulivyoingia uwanjani.

Nikisema uwanja msije mkafikiria nyasi. Timu yetu ilikuwa ya ligi ya pili, yenye wachezaji wa kulipwa ijapokuwa malipo yenyewe yalichelewa mara nyingi, na ilichezea kwenye kiwanja kikubwa cha vumbi kilichozungushiwa seng'enge, na majengo ya ghorofa yakikisogelea kila upande. Upepo ukivuma, mechi ilisimama hadi vumbi litue. Watu walisimama kandokando, wengine walikaa juu ya mawe ya ujenzi yaliyorundikwa hapo. Mama aliuliza vijana wanaotusi hukaa wapi. Akaonyeshwa. Akaweka kigoda chake katikati yao, nyuma kabisa ya goli, akaketi.

"Sasa," akaniambia, "niambie kinachoendelea."

"Wanacheza, mama."

"Hiyo najua. Mpira uko wapi?"

"Uko kule."

"Kule ni wapi? Niambie kama vile ungenielekeza barabara."

Ndivyo nilivyojifunza mpira, kwa kulazimishwa kuwa macho ya mtu mwingine. Nilisema umetoka kulia, umepita katikati, yule mwenye bendeji kichwani ameupata, anakimbia, amepokonywa. Nikichelewa mama alinifinya paja. Na kijana wa kwanza aliyefungua kinywa kumtusi kipa, mama aligeuka akamuuliza kama yeye mwenyewe ameshazuia nini maishani mwake. Watu walicheka hadi wakainama. Yule kijana naye akacheka, akasema, "Pole, cucu," yaani nyanya kwa Kikikuyu. Kabla ya mwisho wa mechi, alikuwa amemnunulia njugu.

Baada ya hapo hatukukosa. Ile sehemu ya nyuma ya goli watu walianza kuiita kwa Cucu. Shida ilikuwa kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, na mama hakukubali kumwacha kipa wake aende peke yake upande wa pili. Kwa hiyo kila mapumziko tulizunguka uwanja, mimi nimemshika mkono, na watu walipiga makofi tukipita kama vile ni sisi tuliofunga.

Aliyebeba kigoda katika mzunguko huo hakuwa mimi tena. Alikuwa mzee mmoja Mmaasai, jirani wa uwanja, ambaye ukuta wa boma lake ulipakana na kona ya juu. Alikuwa mtu wa koti na kofia, fimbo mkononi, na kiti chake cha kukunja. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wakilishwa mahali pale pale kabla ya seng'enge, kabla ya barabara ya lami kuwa na maduka. Mpira aliupenda, lakini nadhani alikipenda kiwanja zaidi. Alizoea kusema, "Huu ndio mahali ya mwisho hapa Kitengela naweza ona mbali." Yeye na mama walibishana kila Jumapili. Mama hakukijua Kimaasai na yeye hakukijua Kikikuyu, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikuwa sijamwona mama akizungumza na mtu kwa furaha namna ile tangu atoke Kinangop. Akifika mzee humsalimu, "Takwenya," na mama alikuwa amefundishwa kujibu, "Iko," naye aliijibu kwa fahari, akinitazama kuona kama nimesikia.

Hali ilikuwa hiyo kwa misimu miwili. Kisha msimu ulipokwisha, baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani, mwenyekiti wa timu aliingia katikati ya uwanja na kipaza sauti.

Alisema wenye kiwanja wanataka kujenga. Alisema ligi inadai uwanja wenye jukwaa na vyumba vya kubadilishia nguo, na kwamba Kajiado mjini upo, na wamekubaliwa. Kuanzia msimu ujao timu itakuwa ya huko, itaishi huko, na itabadilishwa jina kidogo. "Lakini ni timu yenu bado," alisema. "Kajiado si mbali."

"Si mbali kwako na gari!" mtu akapiga kelele.

Kukawa na zogo. Vijana waliokuwa wamevaa jezi walizivua wakazitupa uwanjani. Muuza njugu alikuwa amesimama na beseni lake kichwani, mdomo wazi. Mama alinivuta mkono.

"Ni nini hiyo wanatupa?"

"Jezi."

"Na kipa?"

"Amesimama golini."

"Amesimama vipi?"

Nilimtazama. Mechi ilikuwa imeisha zamani lakini alikuwa bado kati ya milingoti, glavu mikononi, akitazama chini. "Kama mtu ambaye hajui aende wapi," nilisema.

Mzee alikunja kiti chake. Alikuwa mtulivu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Kajiado mimi nilizaliwa huko," alisema. "Nilitoka na miguu nikifuata ng'ombe ya baba yangu. Sirudi huko kufuata mpira." Akampa mama mkono, akaenda zake, na hakubeba kigoda.

Kipa alihama wiki chache baadaye. Alikuja kuchukuliwa na gari la timu pamoja na wenzake. Mama alimpa blanketi na gunia dogo la viazi vilivyoletwa kutoka Kinangop, akamsaidia kufunga godoro kwa kamba, akikaza mafundo kwa kupapasa.

"Nitakuwa nakupigia, shosh," kijana alisema. "Kila Sunday baada ya mechi."

"Kila mtu husema hivyo."

"Mimi nitapiga."

Mama hakulia. Alisema mtu akihamishwa kazi anahama, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini Jumapili zilirudi kuwa ndefu. Chumba nilimpangisha msichana mmoja mwanafunzi, mwenye adabu nzuri, ambaye hakuhitaji kitu chochote kutoka kwetu. Mama alikuwa akifika mlangoni pa chumba kile anasimama, halafu anarudi. Pale uwanjani wakaleta mawe, kisha wakachimba mashimo ya msingi. Mzee hakuonekana. Nilikutana naye siku moja dukani, amekuja kununua rangi nyeupe. Alikuwa na picha ya nembo ya timu ukutani kwake, iliyochorwa na vijana, na alitaka kuifuta.

"Cucu aje?" aliniuliza.

"Ako tu."

Akaitikia kwa kichwa, kama kwamba nimemwambia jambo refu. Akalipa akaenda.

Kipa alipiga simu kama alivyosema. Kila Jumapili jioni mama alikaa karibu na simu yangu akijifanya anashona. Kwanza habari zilikuwa nzuri: uwanja una nyasi, chumba kina maji. Halafu zikaanza kupungua uzuri. Alikuwa anafungwa, mechi baada ya mechi, magoli ya kijinga. Jioni moja aliniomba niweke sauti kubwa ili mama asikie vizuri.

"Shosh, huku ni kimya," alisema. "Watu wanakuja, wengi hata, lakini wanakaa kwa stendi wanaangalia tu, kama wako mkutano ya chifu. Hakuna mtu ananiambia kitu. Hata kunitusi hawanitusi."

"Hawakutusi?"

"Hawanijui."

Mama alirudisha simu. Akaweka kando alichokuwa akishona, akasema, "Huyo mtoto amezoea kuambiwa." Nikajua tunaenda Kajiado.

Swali lilikuwa tutaendaje. Magoti ya mama hayakumruhusu safari ya kushuka na kupanda magari, na mimi sina gari. Mzee alikuwa na pikapu. Mama alinituma nimwite aje anywe chai. Alikuja, akavua kofia, akanywa vikombe viwili bila mtu yeyote kutaja mpira. Mwishowe mama akasema anasikia kule Kajiado kuna maziwa mazuri, na angependa kwenda kununua Jumapili.

Mzee aliweka kikombe chini. "Maziwa."

"Maziwa."

"Mimi niko na dada yangu huko," alisema. "Sijamsalimia siku mingi. Naweza enda Jumapili."

"Basi ni bahati," mama akasema.

Njiani hakuna aliyezungumza habari za timu. Tulipita Isinya, nchi ikafunguka, miti ya miiba na vumbi jekundu, na mzee akaanza kumwonyesha mama mahali walipokuwa wakinyweshea ng'ombe, akisahau kwamba haoni, na mama akageuza kichwa kila alikoelekezwa. Tulipofika nje ya uwanja mzee aliegesha pikapu ikiwa imeupa uwanja mgongo. Alizima injini, akashusha kofia machoni.

"Enda mtafute maziwa yenu," alisema. "Mimi nitalala."

Uwanja ulikuwa mzuri. Niliumia kidogo kuuona ulivyo mzuri. Nyasi zilikuwa fupi, kijani, na jukwaa lilikuwa na paa na ngazi za saruji. Nilimwongoza mama kuelekea nyuma ya goli, lakini kijana mmoja wa usalama mwenye fulana ya manjano alitusimamisha.

"Cucu, hapo haturuhusu. Ni sheria ya ligi. Kila mtu kwa stendi."

"Kipa wangu hatanisikia kutoka huko," mama alimwambia.

"Pole, cucu."

Tukapanda jukwaani. Mama aligusa saruji, akasema ni baridi, akaketi. Mechi ilianza na mimi nikaanza kazi yangu: umetoka kushoto, umerudi, umepigwa mbele. Kipa alikuwa mbali, mdogo, jezi ya rangi nyingine. Mama alijaribu kupiga kelele mara mbili. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Ilikufa kabla ya kufika kwenye nyasi. Akafunga mikono mapajani, na nikamwona akirudi kuwa yule mama wa kiti cha sebuleni.

Mbele yetu waliketi wanawake kadhaa waliovaa shanga na shuka, wamekuja pamoja. Mmoja, mnene, wa makamo, alikuwa amegeuka mara kadhaa kunitazama, nadhani kwa sababu ya namna nilivyokuwa nikiongea bila kupumua.

"Kwani unamsomea?" aliniuliza.

"Macho yake haioni mbali," nilimjibu.

"Na anatafuta nani?"

Mama alijibu mwenyewe. Alisema yule kipa alikaa nyumbani kwake, na kwamba anapoteza mchezo kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia amke, na yeye ametoka Kitengela kuja kumwambia lakini sauti haifiki.

Yule mwanamke aligeuka mzima mzima. "Mmetoka Kitengela? Nyinyi ndio wenye timu?"

"Tulikuwa," mama akasema.

Wenzake nao waligeuka. Nilitamani kushuka. Lakini yule mwanamke aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa, "Mmekasirika na sisi?"

"Kidogo," mama alisema.

"Hata sisi tungekasirika."

"Lakini hamkuiba. Mliletewa." Mama akafikiri. "Hata mimi nililetwa huko Kitengela. Watu wa huko hawakuwa na makosa."

Yule mwanamke alicheka, akasogea akakaa karibu na mama, bega kwa bega. "Mimi niko na sauti," alisema. "Naita ng'ombe hata zikiwa ng'ambo ya mto. Wewe sema, mimi nitamwambia."

Mama alinigeukia. "Mpira uko wapi?"

"Unakuja upande wetu. Winga anakimbia nao kandokando. Kipa amebaki kwenye mstari."

"Mwambie, 'Wewe kijana wa wenyewe, toka!'"

Yule mwanamke alivuta pumzi. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa binadamu. "WEWE KIJANA WA WENYEWE! TOKA!"

Kipa alitoka. Aliruka akaudaka mpira juu ya vichwa vya watu, akaanguka nao, akasimama. Kisha akageuka akatazama jukwaa. Sauti hakuijua, ila maneno aliyajua. Alitafuta, mkono juu ya macho, mpaka refa alipompigia filimbi acheze. Mama alikuwa akinitikisa: "Amesikia? Amesikia?"

"Amesikia, mama."

Tuliendelea hivyo. Mimi nilimwambia mama, mama akamwambia yule mwanamke, yule mwanamke akauambia uwanja. Wenzake nao wakajiunga, wakirudia kila neno kwa pamoja na kupiga makofi, na vijana waliokuwa juu yetu wakaanza kufuata bila kujua wanafuata nini. Watu waliokuwa wameketi kama mkutanoni wakasimama. Timu ikafunga. Nilimkuta mama amemkumbatia mtu ambaye hakujua hata sura yake.

Wakati wa mapumziko mzee alitokea akipanda ngazi na sweta ya mama mkononi. "Upepo ya hapa ni mbaya," alisema, bila kututazama. "Nimekuletea." Alikuwa tayari kushuka, lakini mwanamume mmoja alimwita kutoka ngazi ya chini, wakashikana mikono, wakaulizana habari za watu na ng'ombe kwa Kimaasai, na kumbe walikuwa wametahiriwa pamoja. Kipindi cha pili kilipoanza, mzee alikuwa amesimama kwenye seng'enge karibu na yule wa rika lake, akimwelezea mshika kibendera jambo fulani kwa fimbo.

Hatukushinda. Mwishoni kabisa wapinzani walipata kona, na kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na ushauri, mama alisema atoke, mzee akapiga kelele abaki, na vijana wakasema mambo yao. Kipa alitoka, akarudi, akatoka tena, na mpira ukampita. Ikawa sare, bao moja kwa moja. Baada ya filimbi alikuja mbio hadi chini ya jukwaa, jasho likimtiririka, akicheka.

"Shosh! Ni nani alisema nikae?"

"Si mimi," mama alisema. "Muulize huyo mzee alikuja kusalimia dada yake."

Na dada tulimsalimia kweli, jioni ile, na maziwa tulipewa.

Sisemi kila mtu wa Kitengela alifanya hivyo. Wengi hawakwenda hata mara moja. Yule kijana aliyekuwa akimnunulia mama njugu aliniambia hataki kusikia jina lao, na sikumlaumu. Jengo lililopo kwenye kiwanja sasa lina ghorofa na duka kubwa chini, na nikipita hapo bado natazama mahali ambapo goli lilikuwa. Mzee alipaka rangi ile nyeupe ukutani kwake na hajaifuta. Lakini Jumapili ya mechi ya nyumbani, kama magoti ya mama yanakubali, pikapu hupiga honi langoni mwetu, na mzee hasemi tena habari za dada.

Mwaka uliofuata ndugu zangu walikubali tuchangie mama afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Alipotolewa bendeji alitazama mikono yake kwanza, halafu mimi, akasema nimekonda. Mechi ya kwanza aliyoiona kwa macho yake mwenyewe alikaa kimya kipindi chote cha kwanza. Nilidhani amefurahi kupita kiasi.

"Ni nini, mama?"

"Umekuwa ukinidanganya," alisema. "Mpira si wa mbio vile ulikuwa ukisema. Wanasimama-simama sana." Kisha kipa alipokuja kumsalimia alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Na wewe kumbe una masikio makubwa hivi!"

"Shosh, nilikuwa nazo kutoka zamani."

Mwisho wa msimu ule kipa alisajiliwa na timu ya Nakuru, ya ligi kuu. Alikuja nyumbani kuaga, akalala kwenye kochi letu usiku mmoja, akaondoka asubuhi. Nilijua sasa habari za Kajiado zimekwisha, kwa kuwa mama alikuwa akimfuata yeye. Kipa mpya alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, hajui sisi ni nani. Lakini msimu ulipoanza mama alikuwa amevaa kitambaa chake na kuketi langoni kabla hata pikapu haijafika.

"Kipa ameenda, mama," nilimwambia.

"Najua ameenda. Mimi si kipofu." Akanyoosha sketi. "Wale wanawake bado wako kule."

Mwezi uliopita yule mwanamke mwenye sauti alikuja Kitengela kumwona binti yake aliyejifungua, akapita kwetu. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, akavua viatu mlangoni, akakaa na mama kwenye kibaraza. Niliwaandalia chai nikiwa na hamu ya kusikia watasema nini juu ya mechi ya Jumapili, maana refa alikuwa ametuonea. Nilikaa nao hadi kikombe changu kikapoa. Walizungumza juu ya wajukuu, juu ya mvua, juu ya namna ya kutibu kwato za mbuzi, na mama akaeleza jinsi viazi vinavyopandwa Kinangop, hatua kwa hatua, akichora mistari ya shamba kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, na yule mwanamke akiinama kufuata, akiuliza hapa ni nini, na hapa. Mpira hawakuutaja kabisa. Jua lilipopungua nikaingia ndani kukanda unga wa chapati, maana ilikuwa wazi kwamba mgeni atakula kwetu.